Pikipiki Inapogonga Mlimani: Mafuta Yasiyongoja Zamu

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kilomita 33 hivi, na mlima wake haukupi muda wa kujiandaa. Ukishaiacha barabara kuu iendayo Moshi unaanza kupanda, joto la Mombo likiwa bado linakuchoma shingoni. Chukua pikipiki ya cc 150, abiria mmoja nyuma na mfuko wa saruji wa kilo 50 umekaa kati. Dereva yuko gia ya nne kwa sababu hataki kupoteza mwendo. Resi ameivuta mpaka mwisho, lakini mwendo unazidi kushuka. Hapo ndipo mlio unaanza chini ya tangi: ti-ti-ti-ti, mkavu, kama misumari michache inayotikiswa ndani ya kopo la maziwa. Akishusha gia ya tatu, mlio unakatika palepale.

Kesho yake anaipeleka kwa fundi. Fundi anaiwasha, anaisimamisha kwa stendi kubwa, anapiga resi juu, resi chini, anaweka bisibisi kwenye hedi na sikio kwenye mpini wake. Kimya. “Kaka, hii mzima. Labda tuseti tapeti tu.”

Mimi nilikuwa yule dereva. Nilisetiwa tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu, wiki mbili baadaye nikabadilishiwa cheni ya taimingi, na fundi mwingine akaanza kuniambia habari za kushusha injini. Mlio haukuondoka. Simlaumu fundi yeyote kati yao, maana ugonjwa ule hauonekani pikipiki ikiwa imesimama, nami sikujua kuueleza. Nilisema “inagonga”, na neno hilo kwa Kiswahili cha gereji limebeba mizigo mingi kupita kiasi. Tapeti ikilegea, inagonga. Konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, ikila beringi, inagonga. Injini ikifa kabisa tunasema imenoki. Na mafuta yakiwaka vibaya juu ya pistoni, napo tunasema inagonga. Mambo manne, neno moja, na bili ya kila moja ni tofauti.

Kwa hiyo katika makala haya nitatenganisha kugonga kwa chuma na kugonga kwa moto. Kugonga kwa chuma ni vipande viwili vinavyopigana kwa kuwa nafasi kati yao imekuwa kubwa. Kugonga kwa moto hakuna kipande kilicholegea. Kinachopiga ni mlipuko wenyewe.

Ili uelewe tofauti hiyo, fikiria mkulima anayechoma shamba la nyasi kavu. Anawasha kona moja. Moto unatembea, mstari kwa mstari, mpaka ng'ambo. Ndani ya silinda ni vivyo hivyo. Plagi inatoa cheche, moto unaanzia pale na kusambaa kwenye mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka ukutani, ukiisukuma pistoni chini kwa mkono mmoja mrefu. Watu wengi hudhani petroli inalipuka ndani ya injini. Injini yenye afya hailipui, inachoma, ila kwa haraka sana.

Sasa yale mafuta yaliyo mbali na plagi, yanayongoja moto uyafikie, hayako salama. Pistoni imeshayabana, na moto unaokuja unazidi kuyabana na kuyapasha. Yakizidiwa na joto kabla ya zamu yake, yanawaka yenyewe, yote kwa mkupuo. Shamba lile sasa limeshika moto kwenye kona ya pili bila mtu kuwasha. Wimbi la shinikizo linaruka kutoka ukuta hadi ukuta, maelfu ya mara kwa sekunde, na silinda inalia kama kengele ndogo. Ule ti-ti-ti ni mlio wa kengele hiyo.

Ukishaelewa kwamba tatizo ni mafuta kukosa subira, utaona kwa nini mlio huo unachagua wakati. Unahitaji shinikizo kubwa, yaani resi imefunguliwa na mzigo upo. Unahitaji joto. Unahitaji pia muda, na hili la muda ndilo watu wengi hulisahau. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sehemu 20 kati ya 1,000 za sekunde. Ikizunguka mara 7,000, mzunguko huohuo haufiki sehemu 9. Mwendo mdogo wa injini unayapa yale mafuta ya pembeni muda mrefu zaidi wa kuiva mpaka yawake yenyewe. Dereva anayepanda mlima na gia kubwa anakusanya vyote vitatu kwa pamoja: mzigo, joto na muda. Akishusha gia, injini inachangamka, moto wa plagi unawahi kufika, na mlio unakwisha.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hakina gharama. Kabla ya kuuliza inaliaje, uliza inalia lini. Ikilia imesimama, kwenye mwendo wa chini bila mzigo, tiki-tiki inayokwenda sambamba na injini, hiyo ni tapeti, au cheni ya taimingi ikiwa mlio unachakacha na kuzidi unapoachia resi. Ikilia asubuhi injini ikiwa ya baridi, tok-tok, kisha ikanyamaza ikipata moto, pistoni imepwaya kwenye silinda. Ikilia ikiwa ya moto tu, mlimani tu au unapovuta ghafla, na ikanyamaza ukishusha gia au ukipunguza resi, huo ni moto.

Konrodi ndiyo inayochanganya, kwa kuwa nayo hulia ikibebeshwa mzigo. Lakini mlio wake ni mzito, wa chini, gu-gu-gu, unausikia kwenye vikanyagio kabla hujausikia masikioni, na kubadilisha petroli hakuupunguzi hata kidogo. Ukiwa na shaka kati ya hivyo viwili, acha kupanda milima mpaka ujue, maana konrodi ikikatika inaweza kuutoboa mwili wa injini.

Nije kwenye petroli yenyewe, kwa sababu ndiyo mtuhumiwa wa kwanza na ndiyo yenye uvumi mwingi. Namba ya oktani haipimi nguvu ya mafuta. Inapima subira yake, yaani uwezo wa kubanwa na kupashwa bila kujiwasha. Kipimo hicho kilitungwa Marekani miaka ya 1920 kwa kutumia vimiminika viwili safi: iso-oktani, mvumilivu, ikapewa 100, na heptani, mwenye hasira, ikapewa 0. Petroli yenye 95 ina subira sawa na mchanganyiko wa 95 za mvumilivu na 5 za mwenye hasira. Basi mtu anayelipa zaidi kwa oktani ya juu kwenye pikipiki nzima ya cc 100 au 150, akitarajia mbio, ananunua subira ambayo injini yake haihitaji. Injini hizi za kupozwa kwa hewa hubana mchanganyiko karibu mara 9 tu, na petroli halisi ya kawaida inazitosha. Tena ukitazama video za Wamarekani usishtuke kusikia wanatia 87. Wao huandika wastani wa vipimo viwili, na 87 yao ni kama 91 kwa kipimo tunachotumia huku.

Shida yetu ni petroli ambayo si petroli. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno. Yanafaa kwenye jiko na kwenye utambi, lakini juu ya pistoni ni yule heptani mwenye hasira. Kwa miaka mingi yalikuwa na kodi ndogo kuliko petroli, na penye tofauti ya bei hapakosi mchakachuaji. Ndiyo maana Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za siri za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010, kisha mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kenya nayo mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Hatua hizo zilibana vituo, lakini chupa ya maji ya lita moja na nusu inayouzwa kando ya njia haina mtu wa kuipima. Hata isipochakachuliwa, imekaa juani siku ngapi?

Unaweza kuipima kwa karatasi. Chukua karatasi nyeupe safi, dondoshea matone mawili ya petroli, ipungie hewani kivulini, mbali na moto na sigara. Petroli safi inakauka haraka na karatasi inarudi kuwa karibu kama ilivyokuwa. Ikibaki doa la mafuta, kama karatasi iliyofungia maandazi, na harufu ya taa ikagoma kuondoka, hiyo imechanganywa. Kipimo hiki hakitakwambia imechanganywa kwa kiasi gani, na kiasi kidogo kinaweza kukuponyoka. Kilicho hakika zaidi ni kumwaga tangi na bakuli la kabureta, kujaza kwenye kituo kingine unachokiamini, halafu kurudi mlima uleule, gia ileile, mzigo uleule. Mlio ukitoweka, umepata jibu bila kugusa spana.

Historia ya subira hii ina kovu. Mwaka 1921, Thomas Midgley wa Marekani aligundua kwamba madini ya risasi kidogo yakiyeyushwa ndani ya petroli yanakomesha kugonga huku. Yalifanya kazi kweli, na kwa miongo mingi dunia nzima ikapumua sumu ya risasi kutoka kwenye mabomba ya moshi, watoto wakiumia zaidi kuliko wote. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli yenye risasi, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeiondoa. Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021, na tangazo la ushindi huo lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi. Nalitaja kwa sababu bado kuna watu wanaoisifu petroli ya zamani kwamba ilikuwa na nguvu. Ilikuwa na sumu. Subira hiyohiyo leo inapatikana kwa kusafisha mafuta vizuri zaidi kiwandani.

Kama petroli ni safi na mlio upo, fuata joto. Mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi kuliko kawaida, mwako unakuwa wa moto na injini inapoteza ule ubaridi unaoletwa na petroli inapogeuka mvuke. Hewa ya ziada inaingia kwa njia nyingi: jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, iliyoziba kwa takataka, kabureta iliyobadilishiwa jeti ndogo ili “ile mafuta kidogo”, eyaklina iliyotolewa ili pikipiki “ipumue”. Hili la mwisho linaniuma kila ninapoliona. Mbali na kuharibu mchanganyiko, linaingiza vumbi la barabarani moja kwa moja kwenye ringi.

Njia nyingine ni kipira cha manifodi, kile kinachounganisha kabureta na hedi. Changu mimi kilikuwa na ufa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kulala chini. Fundi mzee mmoja alinionyesha. Aliacha injini inanguruma taratibu, akachanganya maji na sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kopo, akapaka kwa brashi kuzunguka kile kipira. Juu, hakuna kitu. Ubavuni, hakuna kitu. Brashi ilipofika chini, povu likafyonzwa ndani, likatoweka kama maji kwenye mchanga, na papo hapo mngurumo wa injini ukabadilika. Akaniangalia, hakusema neno. Kipira kipya kilinigharimu chini ya cheni ya taimingi niliyobadilisha bure.

Watu wa milimani wana jambo lao hapa. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi inabanika kwa shinikizo dogo. Ndiyo maana mlio ulioanza kwa kishindo Mombo unaweza kufifia ukiukaribia mji, ingawa bado unapanda. Lakini fundi wa juu akiipunguza jeti ili iendane na hewa ya kule, pikipiki hiyohiyo ikishuka Korogwe au Tanga inakutana na hewa nzito, petroli haitoshi, joto linapanda, na inaanza kugonga mahali ambapo hakuna hata mlima. Iliyosetiwa juu ibaki juu, au irudishiwe jeti yake kabla ya kushuka.

Mengine ya joto ni ya macho tu: mapezi ya silinda yaliyozibwa na tope lililokauka, oili iliyopungua, magunia yaliyofungwa mbele yakaziba upepo. Injini hizi hazina rejeta. Upepo ndio maji yake.

Plagi inastahili kituo kirefu kidogo. Plagi hutofautiana kwa kasi ya kutoa joto kichwani mwake kwenda kwenye hedi. Isiyotoa haraka inabaki ya moto, na ncha yake inaweza kuiva mpaka iwashe mafuta kabla ya cheche. Kwa plagi za NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. D8EA ni ya baridi kuliko D7EA, na zote mbili zinaingia kwenye tundu lilelile bila ubishi. Kwa Champion na Bosch namba hukwenda kinyume: kubwa ndiyo ya moto. Muuza spea anayekwambia “hizi zote sawa” anaangalia uzi na urefu tu. Soma namba iliyo kwenye kitabu cha pikipiki yako, na plagi ikaze sawasawa na washa yake, kwa sababu iliyolegea haina pa kulimwaga joto.

Hapo tumeingia kwenye ndugu wa ugonjwa huu. Kugonga kwa moto hutokea baada ya cheche. Kujiwasha mapema hutokea kabla ya cheche, na kinachowasha ni kitu kinachong'aa kwa moto: ncha ya plagi, au punje ya masizi. Mmoja humzaa mwenzake. Masizi hutokana na oili inayopita kwenye ringi zilizochoka au sili za valvu, na oili hiyo inapochanganyika na petroli inaipunguzia subira. Tena masizi yakijaa juu ya pistoni yanakula nafasi, na kompresheni, yaani kiwango cha kubanwa kwa mchanganyiko, inapanda bila wewe kujua. Ukizima swichi injini ikaendelea kujikohoza mara mbili tatu, kuna kitu kinang'aa humo ndani. Hedi ikifunguliwa, masizi yakwanguliwe kwa kipande cha mti au plastiki ngumu. Bisibisi inachora alumini, na michoro hiyo ndiyo makao ya masizi mapya.

Moto wa plagi wenyewe unaweza kuwahi. Cheche hutolewa kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa kuwa mwako unahitaji muda wa kukua. Ikiwahi kupita kiasi, shinikizo linapanda pistoni ikiwa bado inakuja juu. Kwenye pikipiki zetu nyingi taimingi ya moto haisetiwi kwa mkono, hivyo ikibadilika kuna aliyeibadilisha: CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamua wakati wa cheche, ya pikipiki nyingine iliyochomekwa kwa kuwa soketi imefanana, CDI inayouzwa kama ya resi, au kii ya magneti iliyoumia magneti ilipotolewa kwa nyundo badala ya pula. Mlio ukianza siku chache baada ya kazi kama hizo, anzia hapo. Vivyo hivyo ukianza baada ya hedi kukwanguliwa kwa mashine au gasketi nyembamba kuwekwa, kompresheni imepanda.

Wengine husema mlio mdogo hauui, wamepanda nao mwaka mzima. Mlio mfupi wa mara moja moja kweli hauui. Ule wa kila siku unaua kwa njia ambayo haionekani mpaka siku ya mwisho. Gesi ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na alumini huyeyuka kwenye 660. Kinachoiokoa pistoni ni ngozi nyembamba ya gesi tulivu iliyoganda juu yake, ambayo haipitishi joto kwa urahisi. Mawimbi ya kugonga huichana ngozi hiyo, na joto linaingia kwenye chuma. Nimewahi kushika pistoni iliyokufa hivyo. Ukingo wake ulikuwa na vitobo vidogo vidogo kama muhindi ulioliwa na wadudu, na kipande kati ya ringi mbili za juu kilikuwa kimemeguka. Pistoni iliyouawa na kujiwasha mapema kwa kawaida huwa na sura nyingine: shimo lililoyeyuka katikati, kingo zake laini. Lakini huna haja ya kufika huko. Fungua plagi, itazame juani. Ukiona vidoa vyeusi au vya kung'aa kama pilipili manga iliyomwagwa kwenye kauri nyeupe, vile vinavyong'aa ni alumini ya pistoni yako.

Mlio ukikushika njiani leo, punguza resi, shusha gia, acha injini ichangamke. Usijaribu kuuzima kwa kuvuta zaidi. Ukirudia tena na tena, pumzika kivulini mpaka hedi ipoe, na mwambie abiria ukweli. Abiria wa pili asingepaswa kuwapo tangu mwanzo, na mshikaki mlimani ni hatari hata kwa breki.

Baada ya kile kipira kubadilishwa nilirudi Mombo saa saba mchana, makusudi, jua likiwa kali, mdogo wangu nyuma na mfuko uleule wa kilo 50. Niliingia mlimani na gia ya nne, nikavuta resi mpaka mwendo ukaanza kufa, nikategea sikio. Nilisikia upepo, mngurumo mzito wa injini iliyochoka na mzigo, na mdogo wangu akiniuliza kwa nini sishushi gia. Nikashusha ya tatu, tukaendelea kupanda.